Wimbo Uliokatwa na Mkasi wa Biashara

Tunapozungumzia udhibiti wa sanaa, aghalabu tunaifikiria serikali. Historia ya tamthilia ya muziki ya Marekani, Show Boat, yanipa mfano tofauti.

Tamthilia hiyo, iliyotungwa na Jerome Kern na Oscar Hammerstein, ilifunguliwa New York tarehe 27 Desemba 1927. Wimbo wake mmoja, “Mis’ry’s Comin’ Aroun’”, haukufika huko. Katika wimbo huo, watu Weusi wanabashiri msiba kabla Julie, mwigizaji aliyeficha asili yake ya Kiafrika, hajafichuliwa na kulazimika kuondoka. Mtayarishaji, Florenz Ziegfeld, aliuona wa huzuni mno, nao ukakatwa wakati wa maonyesho ya majaribio.

Ni kweli kwamba onyesho lilikuwa refu na lilihitaji kupunguzwa. Hata hivyo, nauliza: kwa nini mkasi uliangukia maombolezo hayo? Hakukuwa na amri ya serikali. Uamuzi wa mwenye mtaji ulitosha.

Kern hakuusahau wimbo wake. Aliitumia sauti yake katika muziki wa ufunguzi. Mwaka 1982, masanduku ya hati za muziki, zikiwemo za tamthilia hiyo, yaligunduliwa katika ghala la Secaucus, New Jersey. Mwaka 1988 John McGlinn alitoa rekodi iliyourudisha wimbo mahali pake.

Ndiyo maana nawasihi watunzaji wa majalada yetu: msichome rasimu. Humo ndimo tutakamosoma nani alinyamazishwa, na kwa sababu gani.