Wakili wa kesi za hospitali Bunia
Haki ya kumdai daktari aliyekosea ni ya zamani Kongo. Dekreti ya 30 Julai 1888, kifungu cha 258, inamtaka aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake amfidie. Sheria ya jinai ya 1940 ikaongeza adhabu kwa uzembe unaoua au kujeruhi. Kumpata wa kuitetea haki hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Sheria ya 1979 ilipanga mawakili, na pembeni yao watetezi wa mahakama, ambao hawatetei kesi juu ya mahakama kuu (tribunal de grande instance). Kabla Ituri, penye Bunia, haijawa jimbo 2015, rufaa ilipelekwa Kisangani, mamia ya kilomita msituni. Mwenye fishi ya mgonjwa na risiti za dawa, lakini hana pesa, huomba wakili wa bure kwa batonie, mkuu wa mawakili.