Seli za jicho la papa hutambuliwaje?

Wavuvi wengi wa Pwani watakwambia papa hunusa kabla ya kuona. Wana hoja, lakini jicho lake nalo si la kupuuzwa. Nyuma ya retina, ule utando unaonasa mwanga, mna tabaka linalorudisha nuru kama kioo. Ndiyo maana ukimmulika usiku macho hung'aa kama ya paka.

Retina ya papa ina makundi makuu yale yale ya seli za neva tuliyo nayo binadamu: zinazopokea mwanga, za katikati zinazopokezana na kuchuja habari, na za mwisho zinazozipeleka kwenye ubongo. Ugumu ni kwamba kila kundi lina aina nyingi ndani yake, na nyingine hufanana mno chini ya darubini. Panya mdogo tu ana aina zaidi ya 100.

Hapo ndipo jeni zinaposaidia. Kila seli imebeba jeni zote za mwili, ila hutumia baadhi tu. Ni kama jikoni: viungo vyote viko kabatini, lakini apikaye biriani na akaangaye mahamri hawachukui vilevile. Wataalamu huitenganisha retina seli moja moja, kila seli ikafungwa ndani ya tone dogo la maji lililozungukwa na mafuta, na nakala za jeni zinazotumika (RNA) zikapewa alama ya seli hiyo. Kisha kompyuta hukusanya pamoja seli zinazotumia jeni zinazofanana. Mwaka 2015 njia hii ilitumiwa kwa seli zaidi ya 44,000 za retina ya panya, zikagawanyika makundi 39. Baadaye vipande vya retina hutiwa rangi inayoshika jeni fulani, ili ionekane kila aina imekaa tabaka gani. Bila hatua hiyo, ramani ni orodha tu.

Kwa papa, anayechunguzwa sana ni yule mdogo wa Atlantiki na Mediterania, Scyliorhinus canicula. Ukoo wa papa uliachana na wetu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kwa hiyo seli wanayoshirikiana nasi huenda ni ya kale sana. Subhanallah.

Utafiti wa Australia wa 2011 uliangalia papa wa aina 17. Aina 10 hazikuonekana na seli za koni, zile za kutofautisha rangi. 7 zilikuwa na koni za namna moja tu. Basi yaelekea papa wengi hawaoni rangi, wanaona tofauti ya mwanga na kivuli.

Jambo hili linagusa nyavu. Huko Baja California, Mexico, taa za kijani zilifungwa kwenye jarife, na matokeo ya 2022 yakaonyesha papa na taa walionaswa wamepungua kwa asilimia 95, huku samaki wa kuuzwa wakiendelea kuvuliwa. Kwetu papa mkavu ni kitoweo, si kila mvuvi atafurahia habari hiyo. Lakini atakayetaka kufunga taa kama hizo hapa, kwanza ajue papa wa maji yetu wana seli gani za kuuona mwanga huo.