Swali Walilotumiwa Madaktari wa Usingizi

Mwaka 1985, katika hospitali moja ya watoto mjini Washington, Jeffrey Lawson alipasuliwa kifua. Alikuwa njiti, na karibu na moyo wake kulikuwa na mshipa ambao kwa kawaida hujifunga mtoto akishazaliwa. Wake ulibaki wazi. Alichomwa dawa ya kulegeza misuli, ile inayomwacha mgonjwa asiweze kutikisa hata kidole. Ya kumlaza wala ya kutuliza maumivu hakupewa. Alifariki wiki chache baadaye. Mama yake, Jill Lawson, aliyajua hayo baada ya msiba, alipofuatilia kumbukumbu za matibabu. Daktari wa usingizi alimjibu kwamba haijapata kuthibitishwa kuwa njiti husikia maumivu.

Jibu hilo halikuwa la mtu mmoja. Mwaka 1941 Myrtle McGraw wa New York alikuwa amechapisha uchunguzi wa watoto waliochomwa pini, na wengi wakautafsiri kuwa ubongo wa mtoto mchanga haujakomaa kiasi cha kuumia. Tena dawa zenyewe za maumivu zilitisha, na hofu hiyo ilikuwa na msingi: mofini ikizidi, mtoto huacha kupumua. Kwa hiyo njia ya Jackson Rees wa Liverpool, ya gesi ya naitrasi oksaidi pamoja na dawa ya kulegeza misuli, ilienea tangu miaka ya 1950.

Huko Oxford, Kanwaljeet Anand, daktari kijana kutoka India, alishangazwa na hali ya njiti waliorudi wodini kutoka chumba cha upasuaji. Yeye na wenzake waliwagawa njiti 16 waliohitaji kufungwa mshipa kama ule wa Jeffrey. Wote walipata gesi na dawa ya kulegeza misuli. Nusu yao wakaongezewa fentanili, dawa kali ya maumivu. Damu ndiyo iliyosema: ambao hawakuongezewa, homoni za mshtuko ziliwapanda sana, na baada ya upasuaji wakapata matatizo zaidi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet, Januari 1987. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka kwamba watoto wachanga wanaweza kupewa dawa za usingizi na za maumivu kwa usalama.

Lakini je, vyumbani mwa upasuaji mlibadilika nini? Maabara haikuweza kujibu hilo, wala tamko la chama. Ilibidi madaktari wenyewe waulizwe, na kwangu hapo ndipo historia hii inaponoga. Edward Sumner na wenzake wa London waliwapelekea madaktari wa usingizi wa watoto nchini Uingereza dodoso. Liliuliza mambo mawili yanayoonekana kuwa moja: unaamini mtoto mchanga husikia maumivu? Na baada ya upasuaji, humwandikia dawa gani?

Majibu yalichapishwa mwaka 1988. Wengi waliamini kwamba mtoto mchanga huumia. Hata hivyo, walioandika dawa kali za maumivu baada ya upasuaji mkubwa walikuwa wachache. Imani ilikuwa imebadilika, mkono haujafuata. Ni kweli kwamba dodoso hutegemea ukweli wa anayejibu, na kwamba wasiolirudisha hubaki gizani. Lakini hapa madaktari walikiri kwa kalamu zao jambo lisilowapendeza, na ndiyo maana nauamini ushahidi huu.

Uchunguzi wa aina hiyo ulirudiwa, na Sumner akawemo tena miongoni mwa watafiti. Ulipotoka katika jarida la BMJ mwaka 1996, dawa za jamii ya mofini baada ya upasuaji mkubwa zilikuwa jambo la kawaida, hata kwa wachanga. Haikufika hata miaka 10.

Nawe mzazi, kabla mwanao hajaingizwa chumba cha upasuaji, mwulize daktari wa usingizi atampa dawa gani ya maumivu, wakati wa upasuaji na usiku wa kwanza baada yake.