Bati, Plau na Mstari wa Umaskini

Zamani Wafipa waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, malungu, na jembe lilikuwa mali. Naikumbuka historia hiyo kila ninaposoma utafiti wa kaya wa 2017/18, ulioiweka Rukwa kileleni kwa umaskini: asilimia 45, chini ya shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Rukwa hii hii ya mahindi!

Mstari huo unapima matumizi. Mkulima wa Laela akiuza magunia, akanunua ng'ombe wa plau na kuezeka bati, anaweza kubaki maskini kwenye hesabu, maana jioni bado anakula ugali na maharage.

Dan Brockington na Christine Noe, wahariri wa Prosperity in Rural Africa? (2021), wanatupa njia nyingine. Watafiti walirudi vijiji vilivyochunguzwa miaka mingi nyuma, vya Rukwa vikiwemo, wakawauliza wenyeji nani kapanda, nani kashuka. Watu walitaja ardhi, mifugo, nyumba. Mimi nawaamini, ingawa bati halipikwi, na mtoto akiugua ng'ombe huuzwa.

Halafu kuna TASAF. Wao, wakichuja kaya za ruzuku, wanaangalia mpaka paa. Yaani bati lisilokuvusha mstari wa umaskini linaweza kukukosesha ruzuku.