Mlango wa darasa la Zoom

Juzi nilikuwa nyumbani Ukata, kipindi kikawa cha video. Mtandao ukakata. Kurudi, nikabaki chumba cha kusubiri dakika 20, mwalimu anafundisha tu, hana habari. Nikajiuliza, huu mlango ulitoka wapi?

Machi 2020 korona ilifunga vyuo, kwetu tarehe 18. Dunia ikahamia Zoom, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mikutano ya maofisini. Linki zikasambaa ovyo, wahuni wakaingia. Kule Massachusetts, Marekani, mmoja alivamia darasa la sekondari, akatukana, kisha akataja kwa sauti anuani ya nyumbani kwa mwalimu. FBI ikatoa onyo Machi 30. Aprili 5 Zoom ikaanza kuwasha yenyewe neno la siri na chumba cha kusubiri. Kumbe kufuli lilikuwepo, ila halikufungwa!

Kwa hiyo sisemi liondolewe. Ila kufuli bila bawabu linamfungia nje mhuni pamoja na sisi wa mtandao wa kuungaunga. Jamani, mwalimu ampe mwenzetu mmoja kazi ya mlangoni: aruhusu wenye jina na namba ya usajili, amtoe mvurugaji. Na linki isitoke nje ya grupu letu.

Haya, tuonane darasani!