Bajeti ndogo, picha za michezo za kuuza: Anza na lenzi, siyo kamera

Wengi wanaoingia kwenye biashara ya picha za michezo huanza kwa kuulizia kamera mpya kabisa. Hela inaishia hapo, lenzi haijanunuliwa. Lakini klabu au mdhamini anayelipa hajali jina la kamera. Anataka sura, mpira na nembo ya jezi vionekane vizuri. Picha ikitoka imetikisika, malipo hakuna.

Hivi ndivyo vya kuzingatia kabla ya kutoa hela.

1. Lenzi kwanza
Kumgandisha mchezaji anayekimbia, kasi ya shata iwe angalau 1/1000. Lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara mbili ya ile ya f/4. Pale f/4 inapokupa 1/500, f/2.8 inakupa 1/1000 kwa ISO ileile. Kwenye mechi za usiku, hiyo ndiyo tofauti ya kuuza na kukosa.

Ya kuanzia ni 70-200mm f/2.8, hata iliyotumika. Soma maandishi ya mbele: yakiwa 1:4-5.6, jua inapunguza mwanga kadiri unavyovuta karibu. Kwa mechi za mchana pekee, f/4 inatosha.

2. Bodi iliyotumika inalipa
Canon EOS 7D Mark II (2014) na Nikon D500 (2016) hupiga hadi picha 10 kwa sekunde. Sensa zao ni ndogo, hivyo lenzi ya 200mm huona kama 320mm kwenye Canon na 300mm kwenye Nikon. Ubaya wake, ISO ikipanda sana usiku, picha zinaanza chengachenga.

3. Kagua kabla ya kulipa
Uliza kamera imeshapiga picha ngapi. Shata za bodi hizo mbili zilipimwa kwa takriban picha 200,000. Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, na miji yenye unyevu kama Dar es Salaam na Mombasa huichochea. Kisha simama barabarani, piga bodaboda inayokuja, picha mfululizo. Nyingi zikikosa fokasi, achana nayo.

4. Tenga hela ya vidogo
Betri ya pili, memori kadi zenye kasi na stendi ya mguu mmoja. Betri ikizima dakika ya 88, bao la ushindi halirudiwi.

5. Lenzi kubwa, kodi
400mm f/2.8 ni ghali mno kwa anayeanza. Ikodi siku ya kazi, gharama iingize kwenye ankara ya mteja.

Mwisho, usikope kununua vifaa kabla ya kuwa na mteja. Deni lina tarehe, mechi huahirishwa.