Kubana na kulegea: homoni za peptidi katika mwisho wa umio

Umio ni mrija wa misuli upitishao chakula kutoka kooni hadi tumboni; kwa mtu mzima urefu wake ni takriban sentimita 25. Katika mazungumzo ya kila siku umio, koo na koromeo huchanganywa bila madhara. Katika matini ya tiba madhara yapo: koo lina misuli ya hiari, ilhali sehemu ya chini ya umio ina misuli laini, ambayo haingoji amri ya mwenye mwili.

Mwishoni mwa umio, unapopenya kiwambo na kuingia tumboni, kuna kipande cha msuli mviringo chenye urefu wa sentimita 3 hadi 4. Hukaa kimebana hata mtu asipokula, kwa kanieneo inayozidi ile ya tumbo kwa milimita 10 hadi 30 hivi za zebaki, na hulegea kwa sekunde chache mtu anapomeza. Baadhi ya waandishi hukiita «vali». Neno hilo halifai, kwani hapana kikope kinachofunga na kufungua; kuna msuli tu, ambao hubana na kulegea.

Homoni za peptidi ni vichocheo vilivyoundwa kwa mnyororo wa asidi amino na kusafirishwa na damu. Projesteroni, inayolegeza msuli huohuo wakati wa ujauzito, haimo katika kundi hili: hiyo ni steroidi. Wanafunzi hukosea hapa mara kwa mara.

Homoni ya peptidi iliyotajwa sana kuhusu msuli huu ni gastrini. John Edkins aliitambua kuwapo kwake mwaka 1905, na Gregory na Tracy waliitenga ikiwa safi huko Liverpool mwaka 1964. Kuanzia mwaka 1970 ilidhaniwa kuwa ndiyo inayodumisha mbano wa mwisho wa umio. Baadaye ilibainika kuwa athari hiyo huonekana zaidi homoni inapodungwa kwa wingi kuliko ule unaopatikana katika damu baada ya mlo. Kwa hiyo sentensi «gastrini hubana umio» si ya uongo kabisa, lakini imekosa kiasi. Afadhali kuandika: «gastrini ikidungwa kwa wingi huongeza mbano wa msuli wa mwisho wa umio».

Kolesistokinini inahitaji uangalifu zaidi, na jina lake lenyewe ni mtego. Limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyongo, mfuko na kusogeza, kwa sababu Ivy na Oldberg, walioieleza huko Chicago mwaka 1928, waliona ikiufanya mfuko wa nyongo ujibane. Msomaji hudhani basi kwamba ni homoni ya kubana. Kumbe baada ya mlo wa mafuta mengi, tuseme pilau ya nyama nono, utumbo mwembamba huimwaga katika damu, nayo hubana mfuko wa nyongo na papo hapo hulegeza mwisho wa umio. Asidi ya tumbo hupata mwanya wa kupanda, na hiyo ni sehemu ya sababu ya kiungulia baada ya chakula cha mafuta.

Hata katika mwisho wa umio kolesistokinini ina njia mbili. Ikiigusa seli ya msuli moja kwa moja, huibana. Ikizigusa neva za kulegeza zilizomo ukutani mwa umio, neva hizo hutoa oksidi ya nitriki na peptidi nyingine, na msuli hulegea. Kwa mtu mzima wa afya njia ya pili hushinda. Kwa mgonjwa wa akalasia, ambaye neva hizo zimekufa, hubaki njia ya kwanza: homoni ileile humbana pale inapomlegeza mwenzake. Mfasiri aliyeandika «kolesistokinini hulegeza umio» bila kutaja hali ya mgonjwa amempa daktari maelezo yaliyo kinyume.

Nyingine zaweza kutajwa kwa ufupi. Motilini hukaza msuli huo mtu akiwa na njaa. Sekretini na glukagoni hupunguza mbano wake. Glukagoni imewahi kudungwa ili kulegeza umio uliokwamwa na tonge, ingawa manufaa yake yanabishaniwa.

Kuhusu vitenzi: msuli hulegea, homoni hulegeza. Kiambishi cha kutendesha kinamtaja msababishaji, hivyo kisiachwe pale sababu inapojulikana. Bana hutumika kwa namna zote mbili («msuli umebana», «homoni imebana msuli»), na ndiyo maana hutatiza. Penye shaka, jibana na kaza huondoa utata. Kusinyaa kuepukwe, kwa kuwa humaanisha pia kudhoofika na kupungua mwili.

Kiungulia, lenye asili moja na ungua, ni neno kamili. Wapo wanaofasiri Kiingereza neno kwa neno na kuandika «moyo kuungua» katika vipeperushi vya wagonjwa. Moyo hauhusiki. Msomaji wa kipeperushi hicho aweza kukimbilia dawa ya moyo asiyoihitaji, au, siku maumivu ya kifua yatakapokuwa ya moyo kweli, kumeza dawa ya asidi na kulala.